Stadi za maisha si za aliyefeli tu

Nairobi bado husemwa kwamba stadi za maisha ni za aliyeanguka mtihani. Mwenye cheti hazihitaji. Sivyo. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 wenyewe, ulipoanza mwaka 1985, ulibeba useremala, kilimo na sayansi kimu.

Chukua mkopo wa simu: shilingi 5,000, riba asilimia 10 kwa mwezi. Hesabu ya shule ya msingi hiyo. Ila anayelipa riba pekee, 500 kila mwezi, baada ya miezi sita ametoa 3,000 na bado anadaiwa 5,000 zilezile. Kinachomkwamisha si hesabu. Ni kubonyeza “kubali” bila kusoma masharti, na (hapa wasomi ndio wagumu zaidi) kuona haya kumpigia mkopeshaji kabla siku ya kulipa haijafika.