Uhalalishaji wa kimaadili wa utawala dhalimu katika fantasia

Uhalalishaji wa kimaadili ni hoja ambazo watawala huzitoa ili mamlaka yao yaonekane kuwa ya haki, wala si ya mabavu tu. Katika fantasia, yaani hadithi za dunia za kubuni, dhana hii ina uzito wa pekee, kwa sababu mwandishi anayeumba dunia nzima, pamoja na miungu na historia yake, hana budi kuamua pia wadhalimu wa dunia hiyo wanajitetea vipi mbele ya nafsi zao. Dola haiendeshwi na mtu mmoja mwovu. Huendeshwa na makarani, askari na walimu wanaoamini kwamba wanatenda wema.

Hoja kongwe ni ile ya maumbile. Katika Jamhuri, kitabu cha mwanafalsafa Mgiriki Plato kilichoandikwa karne ya 4 KK, mhusika mkuu Socrates, aliyekuwa mwalimu wa Plato, anapendekeza raia wasimuliwe kwamba mungu alitia dhahabu katika maumbile ya wanaofaa kutawala, fedha katika wasaidizi wao, na chuma na shaba katika wakulima na mafundi. Plato anakiri kwamba huo ni uongo. Fantasia, kwa upande wake, huweza kuifanya damu ya kifalme iwe na uchawi wa kweli, na hapo mwandishi asipoangalia hujikuta anawatetea wadhalimu wake, kana kwamba uwezo wa kurusha moto ni hati ya kumiliki watu.

Hoja nyingine ni ya deni. Katika riwaya ya The Hunger Games (2008), wilaya 12 za Panem, nchi ya kubuni, hutoa kila mwaka vijana 24 wauane hadi abaki mmoja, ikiwa ni adhabu ya uasi uliozimwa kabla wao hawajazaliwa. Kabla ya majina kuchaguliwa, meya husoma historia ya uasi huo, na msiba wenyewe hutajwa kuwa wakati wa toba na shukrani.

Kwa maoni yangu, hoja iliyo ngumu zaidi kuipinga ni ya ulinzi, na hakuna aliyeionyesha vizuri kuliko George Orwell katika kitabu cha mwaka 1945 ambacho Wakenya na Watanzania wengi wanakijua kwa tafsiri ya Fortunatus Kawegere, Shamba la Wanyama. Nguruwe wanajitwalia maziwa na matufaha yote. Msemaji wao anawaeleza wenzao kwamba nguruwe wengi hata hawavipendi vyakula hivyo, ila wanavila ili wapate afya ya kuliongoza shamba, kwani wakishindwa kazi hiyo Jones, mwenye shamba ambaye wanyama walimfukuza, atarudi. Ulafi unageuka kujitoa mhanga, na anayeuliza anaonekana msaliti.

Nguvu ya hoja hiyo ni kwamba hatari yenyewe ni ya kweli: Jones anarudi na bunduki, na wanyama wanapigana naye. Dhuluma imo katika matumizi ya hofu hiyo, maana jina la Jones linatajwa tena nguruwe wanapohamia vitandani, jambo lisilohusiana kabisa na ulinzi wa shamba. Miaka inapita, Jones anafia mbali katika nyumba ya walevi, na mgawo wa chakula haubadiliki.