Kutega panya bandani bila kumdhuru bundi

Mfugaji wa kuku akinipigia simu kuhusu panya, swali lake la kwanza ni dawa. Langu ni hili: usiku unaacha chakula ndani ya vyombo? Mara nyingi anaacha, na pumba iliyomwagika kwenye maranda usiku kucha inashinda chambo chochote nitakachoweka. Toa vyombo jioni, fagia, funika mapipa. Baada ya hapo ndipo tuzungumze habari za mitego.

Dawa siitaki karibu na banda. Sumu zinazozuia damu kuganda, kama bromadiolone na brodifacoum, haziui papo hapo. Panya huendelea kuishi siku kadhaa huku akilegea, anaanza kuonekana mchana kweupe, na huyo mlegevu ndiye anayebebwa na bundi, kanu au paka wa jirani. Kuku nao hudonoa mizoga. Najua bundi akilia juu ya paa wengi wetu tunamwona mkosi, lakini ndiye mwindaji wa panya asiyedai mshahara.

Gundi pia naikataa. Humnasa mjusi, shomoro na hata nyoka, tena taratibu. Ukimkuta mjusi hai amenasa, mpake mafuta ya kupikia kidogo kidogo mpaka gundi iachie.

Mimi hutumia mitego ya kufyatuka, lakini siiweki wazi hata siku moja. Naitia ndani ya kisanduku cha mbao kirefu, chenye tundu la kama sentimita 6 kila upande na mfuniko unaofungwa kwa kitasa. Kuku hawezi kuingiza kichwa mpaka kwenye mtego, na panya buku mzima, ambaye huweza kufikia uzito wa kilo moja na zaidi, hapiti kirahisi. Sisi wa Morogoro tuna sababu ya kumheshimu huyo: hapa ndipo shirika la APOPO, ndani ya Chuo Kikuu cha Sokoine, inapowafundisha ndugu zake kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu.

Kisanduku hukaa kimegusa ukuta, kwa sababu panya hupenda kutembea huku ubavu wake ukisugua kitu. Tafuta alama nyeusi za mafuta ya manyoya yake chini ya ukuta. Hapo ndipo barabara yake ilipo. Panya wa paani yeye hupita juu kwenye kenchi, kwa hiyo kisanduku chake kifungwe huko huko kwa waya.

Chambo changu ni siagi ya karanga iliyochanganywa na unga wa mahindi, kiasi cha punje ya harage. Dagaa huwaita paka na nguchiro. Ndizi mbivu huwaita komba, hasa Pwani. Na usikimbilie kutega usiku wa kwanza: panya huogopa kitu kigeni. Weka chambo siku tatu nne bila kutega, ale, azoee, kisha ndipo utege mitego yote kwa pamoja.

Tega giza likianza kuingia, fyatua mitego yote alfajiri. Nguchiro wengi na ndege huhangaika mchana, kwa hiyo saa pekee inawaokoa wengi. Mahali penye kalunguyeye, au kirukanjia yule mwenye pua ndefu anayekula wadudu, tumia mtego wa boksi unaokamata mzima, ili asiyehusika afunguliwe palepale.

Panya aliyekufa usimshike kwa mkono mtupu. Mwili ukipoa viroboto humhama, na hao ndio hueneza tauni; Lushoto inaijua tangu 1980. Mtie kwenye mfuko, mfukie.

Mwisho ni wavu. Ule wa kuku wenye matundu mapana humzuia kuku tu; mtoto wa panya hupita bila shida. Nunua wa nusu inchi au chini ya hapo, na uuzike ardhini kama futi moja, ukiupinda kuelekea nje.