Elektrokemiluminesensi: maana yake, na kwa nini elektrodi si waya tu

Elektrokemiluminesensi ni utoaji wa mwanga unaotokana na mmenyuko wa kemikali ulioanzishwa na umeme kwenye uso wa elektrodi, yaani kipande kinachopitisha umeme kuingia au kutoka kwenye kimiminika. Neno ni refu, lakini ukilikata vipande linajieleza lenyewe: umeme, kemia, mwanga, kwa mpangilio huohuo. Umeme haugeuki kuwa mwanga moja kwa moja. Kazi yake ni kuzinyang'anya molekuli elektroni au kuzipa, na molekuli zilizobadilika hivyo, zikikutana, hurudishiana elektroni kwa nguvu kiasi kwamba mojawapo hubaki na nishati ya ziada. Nishati hiyo ndiyo inayotoka kama mwanga.

Mwanga wa aina hii ulianza kuchunguzwa kwa kina katika miaka ya 1960, na mwaka 1972 Tokel na Bard, wakiwa Marekani, walieleza mwanga wa kiwanja cha rutheni, ambayo ni metali, kiwanja ambacho hadi leo ndicho kinachotumika zaidi. Ayoni ya rutheni ndani yake imezungukwa na molekuli tatu za kikaboni ziitwazo bipiridini, na mwanga wake ni wa rangi ya chungwa inayoelekea nyekundu, wenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 620. Kiwanja hiki hakifanyi kazi peke yake. Huwekwa pamoja na kitendanishi-mwenza, yaani kemikali inayomenyuka pamoja nacho, mara nyingi tripropilamini, ambacho elektrodi inapokioksidisha, yaani kukinyang'anya elektroni, hupoteza protoni na kugeuka kuwa radikali, molekuli yenye elektroni isiyo na mwenzi na yenye hamu kubwa ya kutoa elektroni. Radikali hiyo ikikutana na rutheni iliyokwisha kupoteza elektroni yake, huirudishia, na rutheni huingia katika hali ya msisimko, hutoa mwanga, kisha hurudi kuwa kama ilivyokuwa mwanzo, tayari kwa mzunguko mwingine. Kinacholiwa ni tripropilamini; rutheni ileile inaweza kumulika mara nyingi.

Faida yake katika upimaji hueleweka vizuri ikilinganishwa na floresensi. Katika floresensi sampuli humulikwa kwanza ndipo itoe mwanga wake, kwa hiyo sehemu ya mwanga wa taa hutawanyika na kuingia katika kigunduzi, na vitu vingine ndani ya sampuli navyo huweza kumetameta. Katika elektrokemiluminesensi hakuna taa. Kimulimuli huonekana kwa sababu usiku umemzunguka, na sampuli iliyo katika chumba cha kupimia chenye giza iko katika hali hiyohiyo: mwanga kidogo unaotokea unatoka karibu wote kwa kitu kinachotafutwa, na hutokea pale tu volti inapowekwa.

Tuangalie kwa karibu jinsi mashine za maabara za hospitali zinavyopima homoni au protini ya moyo iliyomo kwenye damu. Kingamwili mbili huishika protini hiyo kutoka pande mbili. Moja imebeba rutheni, nyingine imefungwa kwenye chembe ya sumaku yenye kipenyo cha micromita chache. Sumaku iliyo chini ya elektrodi huzivuta chembe na kuzilaza juu ya uso wake, kimiminika chenye tripropilamini hupita na kuondoa kila kisichoshikwa, kisha volti huwekwa na kigunduzi huhesabu mwanga. Radikali ya tripropilamini haiishi muda mrefu, hivyo haiwezi kusafiri mbali; rutheni iliyo juu zaidi ya micromita chache kutoka kwenye elektrodi haichangii chochote cha maana.

Hapo ndipo elektrodi inapokuwa zaidi ya njia ya kupitishia umeme, jambo ambalo kwa maoni yangu maelezo mengi hulipita haraka mno. Platini ni imara na husafishika, lakini katika volti zinazohitajika uso wake hufunikwa na utando wa oksidi unaozuia tripropilamini isioksidishwe kwa wepesi. Dhahabu ina tatizo linalofanana na hilo. Kaboni ya kioo, yaani kaboni ngumu inayong'aa kama kioo, huioksidisha vizuri zaidi, kwa hiyo mara nyingi mwanga wake huwa mkali kuliko wa platini, ingawa hudai matunzo: mtafiti huusugua uso wake kwa unga laini wa alumina (oksidi ya alumini) juu ya kitambaa chenye maji, akichora namba nane ili usichakae upande mmoja, na asipofanya hivyo kwa uangalifu vipimo vya asubuhi na vya jioni havitalingana. Kuna pia hila rahisi ya kuongeza kidogo ya kemikali inayofanana na sabuni. Hujipanga juu ya platini au dhahabu, huufanya uso usipende maji, na tripropilamini hufika kwa urahisi zaidi.

Oksidi ya indi na bati iliyopakwa juu ya kioo hupitisha mwanga, kwa hiyo kigunduzi au hadubini huweza kukaa nyuma ya elektrodi; ila mwenendo wake wa kubadilishana elektroni ni wa polepole. Mirija midogo sana ya kaboni na grafini, yaani karatasi ya kaboni yenye unene wa atomi moja, huongeza eneo la uso. Almasi iliyotiwa boroni hustahimili volti za juu kabla maji hayajaanza kuvunjika, na mkondo wa umeme usiotokana na mmenyuko unaotakiwa ni mdogo. Sifa ya kustahimili volti za juu ni muhimu kwa sababu maji yakivunjika hutoa oksijeni, na oksijeni huzima msisimko wa rutheni kabla haijamulika.

Elektrodi huweza pia kubaki na athari ya kazi iliyopita: protini hung'ang'ania uso, oksidi hubadilika, na sampuli inayofuata hupimwa juu ya uso usio uleule. Ndiyo maana mashine zenye elektrodi ya kudumu huiosha na kuipa volti za kuitayarisha upya kati ya sampuli moja na nyingine, ilhali vifaa vidogo vingi hutumia elektrodi ya kaboni iliyochapishwa kama wino, ambayo hutupwa baada ya kipimo kimoja.