"Zamani riwaya zilikuwa zinalipa." Zilimlipa nani?

Wiki iliyopita kijana mmoja kaniletea muswada. Hata hajakaa vizuri kitini, kaanza: "Mzee, enzi zenu mwandishi alikula kwa kalamu yake. Simu ndizo zimetuharibia." Ni mtu wa tatu mwezi huu kuniambia hivyo. Mimi ni mhariri wa riwaya, nywele zimeshaota mvi kwenye kazi hii, na jibu langu siku hizi ni moja: nitajie jina la huyo aliyekula.

Jina linalotajwa karibu kila mara ni Shaaban Robert. Haya. Shaaban Robert aliajiriwa karani wa forodha mwaka 1926, akakaa huko hadi 1944, kisha akahamishiwa idara nyingine za serikali. Kusadikika inatoka 1951, yeye bado anakwenda kazini Tanga kila asubuhi. Wengine hunitajia Muhammed Said Abdulla, aliyembuni Bwana Msa, yule mpelelezi wa riwayani. Alishinda shindano la hadithi la East African Literature Bureau la 1957-58, na Mzimu wa Watu wa Kale ikachapishwa 1960. Wakati huo alikuwa mhariri wa jarida la Mkulima, na kazi hiyo ndiyo iliyokiweka chungu jikoni mpaka alipostaafu 1968. Kezilahabi alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, baadaye Botswana. Said Ahmed Mohamed naye ni mwalimu, amefundisha mpaka Osaka na Bayreuth. Ken Walibora alisoma habari kwenye televisheni na kufundisha vyuoni. Kila mmoja alikuwa na mshahara unaotoka kwingine, na riwaya aliiandika usiku.

Hapo kijana hunikatiza: "Na riwaya za upelelezi je? Zile si ziliuzwa kama njugu?" Kweli, miaka ya sabini na themanini riwaya za Elvis Musiba na Ben Mtobwa zilisomwa mpaka kurasa zikachomoka. Lakini Musiba alikuwa mfanyabiashara, akafika kuwa mwenyekiti wa TCCIA, chemba ya wafanyabiashara. Mtobwa alikuwa mwandishi wa habari, na alianzisha Heko, kampuni yake mwenyewe ya uchapishaji. Baada yao akaja Eric Shigongo, aliyetoa hadithi zake kwa mfululizo ndani ya magazeti yake mwenyewe. Msomaji alinunua gazeti la wiki inayofuata ili ajue yule binti ameponaje. Dickens aliwafanyia Waingereza mchezo huohuo kuanzia 1836, kitabu kimegawanywa vipande vya kila mwezi, kila kipande shilingi moja. Sasa waangalie hawa wa kwetu tena: Mtobwa na Shigongo walishika uandishi na njia ya kumfikia msomaji kwa pamoja. Anayeshika kalamu peke yake hupata mrabaha, yaani fungu la mwandishi kwa kila nakala inayouzwa, na mrabaha una hesabu zake.

Tuzipige. Kitabu kinauzwa shilingi 10,000. Duka linachukua asilimia 40, mchapishaji anabaki na 6,000. Mkataba unasema mrabaha ni asilimia 10 ya mapato ya mchapishaji, basi kwako zinakuja 600. Nakala elfu moja zikiisha, umepata laki sita, na riwaya yenyewe imekula miaka miwili ya maisha yako. (Kwa hiyo kabla ya kusaini soma vizuri: asilimia 10 ya nini? Ya bei ya jalada ungepata 1,000. Nimewahi kuona mkataba ambao haukusema kabisa ni ya nini, na mwandishi alishausaini.)

Ndiyo maana lawama ya simu inanichosha. Tangu huduma za kutuma pesa kwa simu zienee, mwandishi anaweka sehemu kumi za kwanza bure Facebook, anakata pale panapouma, anaandika namba yake. Elfu mbili ikiingia, msomaji anaongezwa kwenye grupu la WhatsApp. Ukitoa makato ya mtandao, hiyo yote ni yake. Dukani angehitaji kuuza nakala zaidi ya tatu kuipata. Mfululizo wa gazeti umerudi, ila gazeti halipo. Wizi upo, sikatai: watu wananakili sehemu zote na kuzisambaza, wengine wanazisoma kwa sauti YouTube bila kuomba. Kinachoniuma zaidi ni kwamba hakuna anayehariri. Juzi nilisoma simulizi ambayo mhusika aliyezikwa sehemu ya 12 alipokea simu sehemu ya 47.

Wengine huniambia: "Andika Kiingereza uone hela." Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, ameandika Kiingereza maisha yake yote na alifundisha Chuo Kikuu cha Kent mpaka alipostaafu, Nobel ilimkuta 2021 akiwa mstaafu. Huko Uingereza utafiti wa ALCS, chama kinachokusanyia waandishi malipo ya hakimiliki, wa 2022 uliwauliza wale ambao uandishi ndiyo kazi yao kuu. Kipato chao cha kati kutokana na uandishi kilikuwa pauni 7,000 kwa mwaka. Mwaka 2006 kilikuwa pauni 12,330. Kwa hiyo hata huko hali inashuka.

"Kitabu changu kikiteuliwa shuleni nimeula." Hili lina ukweli, hasa Kenya, ambako kitabu teule kinasomwa na watahiniwa wa nchi nzima kwa miaka kadhaa. Lakini kinateuliwa kimoja, vingine vinabaki stoo. Na nakala nyingine hutoka kwenye mashine ya fotokopi, ambayo haijui mrabaha.

Tuzo? Shilingi milioni 10 za mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Mwalimu Nyerere ni pesa nzuri. Zigawe kwa miezi uliyoandika.

Hakimiliki nayo huanza pale unapoandika. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, kunakupa ushahidi siku ya ugomvi, basi. Hofia zaidi kifungu kinachosema "haki zote", maana humo ndani zimo sauti, filamu, tafsiri na simu. Mpe mchapishaji karatasi, hizo nyingine abaki nazo mwandishi.

Yule kijana nilimuuliza anafanya kazi gani. Anafundisha sekondari. Nikamwambia asije akaacha, akacheka kidogo, akaniachia muswada. Sura ya tatu ni nzuri sana. Ya nne nimeipiga wino mwekundu.