Je, wajua kwa nini mbwa na paka hutaabika fataki zinapolia?

Kwa nini mbwa anayeshinda akimbwekea kila apitaye langoni hujificha chini ya kitanda mara tu fataki ya kwanza inapolia usiku wa sikukuu? Hujikunyata huko akitetemeka, akihema kwa kasi ilhali hakukimbia, mate yakimdondoka, na hata kipande cha nyama kikiwekwa mbele ya pua yake hakigusi. Wengi wenye mbwa huuona huo kuwa utukutu, na wengine humkaripia. Si utukutu hata kidogo. Ni mwili unaoikabili hatari ambayo mnyama hana njia ya kuielewa.

Jibu linaanzia masikioni. Binadamu mwenye masikio mazima husikia sauti zenye mitetemo hadi 20,000 hivi kwa sekunde. Mbwa hufika 45,000 hivi, na paka huvuka 60,000. Kwa hiyo katika mbinja ya roketi inayopaa mna sauti nyembamba ambazo wao huzisikia na sisi hatuzipati kabisa. Kisha kuna mlipuko wenyewe, ambao kwa aliye karibu unaweza kufikia desibeli 150, wakati sikio la mtu huanza kuumia sauti inapokaribia desibeli 120.

Hata hivyo, ukubwa wa sauti si sababu pekee. Radi nayo huwatisha mbwa wengi, lakini mara nyingi hutanguliwa na upepo, giza la mawingu na harufu ya mvua, ilhali fataki haitoi dalili yoyote: hulia, hunyamaza, kisha hulia tena upande mwingine, bila mpangilio ambao mnyama angeweza kuushika. Ndipo adrenalini, homoni ya kuukabili au kuukimbia mkasa, inapomwagika mwilini, moyo ukaenda mbio, mboni zikatanuka na misuli ikakaa tayari kukimbia, na ndiyo maana mbwa mpole anaweza kuruka ukuta ambao hajawahi kuujaribu, akapotea. Hali hiyo haiishi kelele zinapokoma, na si ajabu mnyama akashinda na wasiwasi hata siku ya pili.

Paka hudanganya zaidi, kwa sababu hofu yake mara nyingi haina sauti. Aliyejibana nyuma ya kabati bila kulia hajatulia. Amejificha, na kumvuta kwa nguvu ni kumnyang'anya kinga aliyojitafutia. Aachwe hapo, awekewe maji na sanduku lake la mchanga karibu.

Ipo imani iliyoenea kwamba ukimbembeleza mnyama mwenye hofu unamfundisha kuogopa zaidi, na naona imewatesa wanyama wengi bure. Hofu ni hisia, si tendo ambalo mbwa hulichagua ili apate malipo. Akikujia na kujiegemeza miguuni pako, mpapase taratibu na useme naye kwa sauti yako ya kila siku. Asipotaka kuguswa, kaa tu karibu naye.

Maandalizi ya siku yenyewe hayana ugumu. Mbwa atembezwe na alishwe kabla ya giza kuingia, kisha wanyama wote wawe ndani, milango na madirisha yakiwa yamefungwa, katika chumba kilicho mbali na barabara, pazia zikiwa zimeshushwa ili kuzuia mimweko, na redio au feni ikivuma kwa kiasi. Tundu la ndege na kizimba cha sungura viingizwe ndani na kufunikwa upande mmoja, hewa ikipita. Mkanda wa shingoni uwe na namba ya simu inayopatikana, na kama mnyama ana chipu ya utambulisho chini ya ngozi, hakikisha namba iliyosajiliwa bado ni yako.

Tiba ya kudumu zaidi, hata hivyo, huanza miezi kadhaa kabla ya sikukuu. Mbwa huchezeshewa sauti za fataki zilizorekodiwa, mwanzoni kwa sauti ya chini mno, huku akipewa chakula anachokipenda kuliko vyote, na sauti hupandishwa kidogo kidogo kwa wiki nyingi. Mtazame usoni wakati wote: akianza kulamba midomo, kupiga miayo au kulaza masikio nyuma, umeharakisha, nawe huna budi kurudi hatua ya nyuma. Anayepandisha sauti kwa pupa humzidishia hofu aliyotaka kumwondolea.

Kwa mnyama anayeogopa kupita kiasi, muone daktari wa mifugo mapema, kwani zipo dawa zinazopunguza hofu yenyewe. Usiridhike na dawa ya kulegeza mwili tu; asepromazini, kwa mfano, ikitolewa peke yake inaweza kumwacha mbwa amelala kimya huku hofu ikiwa palepale ndani yake. Wala usimpe dawa za binadamu kwa kukisia: kidonge kimoja cha parasetamoli kinaweza kumuua paka.

Asubuhi inayofuata, kagua ua kabla ya kumfungulia mbwa. Mabaki ya fataki huweza kuwa na chumvi za madini ya bari na kemikali nyingine zenye sumu, na mbwa hutafuna chochote chenye harufu mpya. Akiwa amekula, mpeleke kwa daktari mara moja, ukichukua na kipande cha karatasi ya fataki kilichobaki ili ajue anashughulika na nini.