Kiongozi cha mwalimu si kitabu cha majibu

Waulize walimu wa msingi, kuanzia Mtwara mjini hadi Newala, kiongozi cha mwalimu ni nini. Wengi watakuambia: kile chenye majibu. Na vitabu vya mwongozo vya wakutubi, yaani watunza maktaba? Hivyo ni vya namba za Dewey (za kupanga vitabu rafuni kwa mada) na mihuri. Basi vinafungiwa kabatini kwa mkuu wa shule, vinakula vumbi.

Majibu yamo, ila ni sehemu ndogo. Kazi kubwa ya vitabu hivi ni kumwonyesha mtu mzima namna ya kumkutanisha mtoto na kitabu kinachomfaa. Chukua mbinu ya vidole vitano: mtoto anasoma ukurasa mmoja, na kwa kila neno asilolijua anakunja kidole. Vikiisha vitano kabla ya ukurasa kwisha, kitabu bado kigumu. Mpe chepesi zaidi. Haitaki mtihani wala shahada ya ukutubi. Kwa mtoto wa Tandahimba anayezungumza Kimakonde nyumbani, vidole vinaweza kuisha mapema, na hiyo haina maana kwamba ana kichwa kizito. Humo humo utaelekezwa kumsomea kwa sauti, kisha kusita kabla ya kufunua ukurasa na kumuuliza, "Unadhani nini kitafuata?"

Linalowashtua wengi ni ushauri wa kuondoa rafuni vitabu vilivyochanika au kupitwa na wakati, kwa sababu vinazificha hadithi nzuri. (Kama ni mali ya serikali, fuata kwanza taratibu za kuifuta kwenye leja. Mkaguzi hana utani.)