Pateni za kroshia za zamani hazina makosa, tunazisoma vibaya

Juzi hapa Ngamiani, Tanga, bibi jirani yetu alikuwa anataka kuwashia jiko pateni zake za kroshia, yaani karatasi za maelekezo ya kufuma, zimefungwa na kipande cha kanga, karatasi zimekuwa rangi ya chai na pini za stepla zimeota kutu mpaka zimetoboa kurasa, ati "hizi za kizamani zina makosa mjukuu wangu, hazitoki." Nikamwambia bibi shikamoo, nipe mimi.

Hiyo ya makosa ndo dhana inayoniuma kuliko zote maana hata mimi niliiamini. Nilifuma kitambaa cha meza cha duara nikafuata kila mstari, kikakataa kulala, kikainuka kama kawa la kufunikia chakula, nikafumua mara mbili, roho inauma. Kumbe Muingereza na Mmarekani wanatumia majina yaleyale kwa mishono tofauti! Dabo ya Muingereza ndo singo ya Mmarekani, na trebo ya Muingereza ndo dabo ya Mmarekani. Sasa mimi pateni ni ya Uingereza nafuma dabo ya Kimarekani, kila mzunguko unatoka mrefu kuliko ulivyopangwa, duara litalalaje? Angalia cheni (vile vitanzi vya mnyororo) za kuanzia mzunguko: kama cheni 3 zinahesabiwa trebo moja hiyo ni ya Uingereza, kama zinahesabiwa dabo moja ni ya Marekani. Ukimaliza hapo angalia na picha kama mishono inafanana.

Wengine wanasema namba kubwa ya sindano ni sindano nene. Kwa zile sindano za chuma za Kimarekani ni kinyume, namba 7 ni milimita 1.65 na namba 14 ni 0.75 tu, nyembamba balaa. Uzi wa pamba nao hivyohivyo, namba 40 ni mwembamba kuliko namba 10, kwa hiyo usiende dukani ukachukua uzi wowote halafu ulaumu pateni kitambaa kikitoka saizi ya mkeka.

Halafu hii ya "ni ya zamani, ni ya wote, toa kopi uuze." Hapana jamani. Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 kazi inalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa Marekani, kilichochapishwa huko kabla ya 1930 kiko huru. Pateni ya miaka ya 70 tunaiona kuukuu ila mwenyewe anaweza kuwa hai kabisa.

Na kutunza, msizibandike selotepu tafadhali, gundi yake inageuka njano na kula karatasi. Kwa joto na unyevu wetu huu wa Tanga mimi nachomoa zile pini taratibu kwa ncha ya kisu, nashona mgongo kwa uzi wa pamba, naweka kwenye bahasha ya karatasi mbali na jua. Za bibi nimeshashona nne, ya tano ina mchoro wa ua uliochorwa kwa vijumba vyeupe na vyeusi, hiyo haina dabo wala trebo ya kubishania, unahesabu vijumba tu, na bibi ameshaniulizia uzi.